Neno la Kumwitia Alaso

Asubuhi ile Callistus alikunywa chai kwa mama yake akiwa amesimama, kama kawaida yake, kikombe mkono huu na kiazi kitamu mkono ule. Lori lilikuwa nje ya ua, limejaa kokoto hadi juu, linanguruma, kwa sababu likizimwa haliwaki tena mpaka lisukumwe. Mama yake, Perez, alikuwa kwenye kigoda akipepeta wimbi. Callistus aliweka kikombe mezani, akainua mguu wa kulia, akaushusha polepole hadi kisigino kikagusa sakafu.

"Breki inaenda hivi," alisema. "Mpaka chini kabisa, na gari bado inatembea. Inabidi upampu na upampu ndio ishike."

"Umemwambia mzee mwenye lori?"

"Nimemwambia jana. Amesema hii ya Malaba niipeleke kwanza, watu wa mjengo wanangoja. Nikirudi itaenda kwa fundi."

Perez alipuliza makapi yaliyobaki ukingoni mwa ungo.

"Basi enda polepole," alisema.

Callistus akamaliza kiazi chake, akapangusa mikono kwenye suruali, akaenda. Hayo ndiyo yaliyosemwa jikoni mle, hakuna mengine. Perez ameyarudia moyoni tangu siku hiyo, kuanzia mwanzo na kuanzia mwisho, na hajapata pa kuongeza neno lililofaa kuongezwa siku ileile.

Sasa, Perez si mtu wa hivihivi. Mundika anakokaa, na kutoka hapo hadi Malaba upande mmoja na Osieko ziwani upande wa pili, kila mtu anajua kwamba mtu akifia barabarani, mwili ndio hupelekwa mochari, ila mwenyewe hubaki palepale alipoangukia. Hukaa kando ya lami akitazama magari. Hasumbui mtu. Anangoja aitwe, na kuita ni kazi ya watu wachache, na kati ya hao wachache Perez ndiye anayeaminika. Aliirithi kutoka kwa mama mkwe wake, pamoja na kigoda na maumivu ya magoti.

Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi. Unakata tawi la mti wa lusiola lenye majani mabichi. Unakwenda mahali penyewe mchana, ukiwa na ndugu wa marehemu, baba au mama, mtu wa damu. Unamwita kwa jina lake. Akiitika, unamwambia kwa sauti ni nini kilichomuua, ndugu yake akisikia. Hapo anainuka. Unaburuta tawi chini hadi kwao, au kama ni mbali mnapanda gari, husemi na mtu wala hugeuki, naye anafuata nyuma. Nyumbani kwao wanakuwa wametoboa pengo kwenye ua, kwa kuwa aliyefia nje haingii kwa lango kama mgeni wa harusi. Anapita pengoni, anakaa alipozoea kukaa, na akikuta chakula anakula. Mwili ukishazikwa anakuwa kama wafu wengine wote, wa kuja jioni mojamoja kuangalia kama ng'ombe wamefungwa.

Maneno ya kuita husemwa kwa Kiswahili. Barabara hii ni ya Mkhayo na Mteso, Msamia na Msomali, na dereva aliyetoka Mombasa akielekea Kampala. Mama mkwe alisema lugha ya kumwita mtu nayo iwe ya barabara.

Kazi ngumu ni neno. Mtu aliyekufa ghafla hakupata nafasi ya kujua kilichompata, na hawezi kuondoka bila kuambiwa. Mwenyewe neno halijui. Ila ukimpa lisilo lake analikataa mara moja, kama mtu anayejaribishwa viatu: huenda asijue namba ya mguu wake, lakini kinachobana anakijua.

Aliyezama ziwani unamwambia maji yamekuchukua. Aliyepigwa na radi unamwambia radi, na huongezi kitu. Bahati mbaya ni ya yule aliyembadilishia mwenzake kiti. Uzembe ni wa pale ambapo mwenye kazi alilala. Ajali ni ya kile ambacho hakuna aliyekiona kikija na hakuna ambaye angekizuia: ng'ombe ameruka kutoka kichakani, tairi jipya limepasuka. Na kuuawa si lazima liwe panga au risasi. Kuuawa ni pale ambapo kuna mtu alijua.

"Ajali ni neno zuri," mama mkwe alikuwa akisema. "Ndiyo maana kila mtu analitaka."

Walio hai wanalipenda, hilo ni kweli. Halimfanyi mtu yeyote ainuke kwenye kiti chake. Lakini wafu ni watu wagumu kwa jambo hili. Kuna mzee mmoja alikanyaga waya wa umeme uliokuwa umelala njiani tangu mvua za mwaka uliotangulia, na watu walikuwa wamesharipoti hadi wakachoka. Familia ilimtaka Perez aseme ajali. Alisema ajali, na mzee akaendelea kukaa, akimtazama kama anayengoja chenji. Perez akasema uzembe. Mzee akainuka, akakung'uta suruali, akauliza kiatu chake cha pili kiko wapi.

Mume wake mwenyewe, Oduori, alizama Osieko alikokwenda kununua samaki wa kuuza Busia. Perez alimwita kwa maji, akaja nyuma ya pikapu katikati ya vikapu vya omena, akichuruzika. Akaingia kwa pengo la ua, akakaa kwenye kiti chake cha mbao. Maji aliyokuja nayo yaliacha doa kwenye sakafu ya simenti, na doa hilo halijatoka hadi leo hata lisuguliwe na nini. Perez hulipenda doa lile. Anajua maana ya mtu wako kufika nyumbani.

Basi siku ile ya chai, saa sita mchana, lori la Callistus liliingia kwenye mteremko wa Malaba. Foleni ya trela ilikuwa imesimama kama siku zote, mkia wake umepanda mlima. Callistus alipampu, akapampu tena, akaona mgongo wa trela la mbele unakuja, akakata usukani kwenda kando. Kando alikuwa ameketi Alaso binti Emorut, wa Amukura, juu ya kreti ya soda, beseni la njugu karanga mapajani, akiwauzia madereva wanaongoja zamu ya kuvuka. Lori lilikwenda kusimama kwenye rundo la udongo. Callistus alishuka bila mkwaruzo hata wa ukucha.

Kabla ya jioni neno lilikuwa limeshapatikana. Askari walisema ajali. Redio ikasema ajali mbaya. Mzee Methuselah, mwenye lori, ambaye pia ni mzee wa kanisa na mtu wa kusaidia watu, alifika kwa akina Emorut akiwa na fahali wa kuchinjwa matangani, akavua kofia, akasema ni ajali na ni mapenzi ya Mungu, akaomba, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli. Watu walimshukuru.

Callistus alifika Mundika giza likiingia. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama, nilipampu," alisema.

"Najua."

"Nilipampu mpaka mguu ukafa ganzi."

"Najua, baba."

Siku iliyofuata, Emorut na mkewe walipanda pikipiki kutoka Amukura hadi Mundika. Perez alipowaona wakiingia langoni alitamani kujificha ndani, na pengine angejificha kama mama yule hangekuwa ameshamwona. Aliwawekea viti. Mama Alaso alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na kitambaa alichojifunga kichwani kilikuwa cha kazi, bado kina unga.

"Tunajua ni kijana wako," Emorut alisema. "Hatukuja kwa ubaya. Ajali ni ajali. Inaweza kupata mtoto wa mtu yeyote."

"Asante, mzee," Perez alisema.

"Ndiyo tukasema tusiende kwa mtu mwingine. Wewe ni mzazi wa huyu, sisi ni wazazi wa yule. Ukimwita wewe, atakuja."

Perez alitazama doa la sakafuni. Alikuwa na nafasi ya kukataa, na magoti yake yalikuwa sababu tosha. Lakini mama Alaso aliinama, akamshika mikono yote miwili, akamwambia dada, Jumamosi ndio tunazika, sitaki azikwe mwili peke yake. Perez akasema nitakuja. Hilo nalo analijutia, ingawa hajui angesema nini kingine.

Dereva wake wa pikipiki siku zote ni Nasir, Mwislamu wa Busia mjini, kijana mtulivu anayevaa koti la mvua hata kwenye jua. Nasir huuliza mapema kama marehemu wa kurudi naye atapanda au atatembea, kwa sababu helmeti ni mbili tu na njiani mama haongei.

"Mimi sina shida nao," huwaambia wenzake pale stendi. "Hawalalamiki juu ya spidi."

Kesho yake walimkuta Alaso pale Malaba, kwenye kreti yake. Alikuwa mzima, mikono na uso, gauni lake la maua limepigwa pasi, ila kandambili moja haikuwepo. Beseni lilikuwa limejaa. Dereva mmoja wa Uganda alikuwa amesimama mbele yake akingoja apimiwe, na nyuma yake mwingine, kwa hiyo Perez alisubiri hadi wateja wakaisha. Hukatizi mtu biashara yake. Emorut na mkewe walisimama nyuma, mama ameshika pindo la leso.

"Alaso binti Emorut," Perez aliita.

"Niko, mama," Alaso aliitika.

"Umepatwa na ajali. Simama twende nyumbani."

Alaso alimtazama. Alikuwa na macho makubwa ya mtu msikivu. Akalisikiliza neno lile kwa makini, likampita, akatikisa kichwa.

"Sio hiyo," alisema kwa adabu.

Perez akasema bahati mbaya. Alaso alifikiri kidogo, akasema hapana. Emorut akanong'ona kwamba mzee Methuselah alisema ni mapenzi ya Mungu, labda hilo ndilo. Perez akalisema, na Alaso akaziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeshikwa na kicheko kanisani. Perez akasema barabara mbaya. Akasema mteremko. Akasema uzembe wa waliochimba barabara, jambo ambalo lilikuwa uongo, kwa kuwa barabara pale ni nzuri kuliko sebule za wengi wetu. Kila neno Alaso alilijaribu na kulirudisha.

Neno lililobaki lilikuwa moja tu. Perez alilijua tangu siku ya chai. Nyuma yake walikuwa baba na mama, watu wa damu, mashahidi halali. Angelitoa, msichana angeinuka. Angelitoa, wazazi wale wangeuliza: ameuawa vipi, nani alijua? Naye hawezi kumwambia aliyekufa neno kisha akalikanusha mbele ya walio hai.

"Labda amechoka," alisema. "Tujaribu tena."

Emorut akasema ndiyo, itakuwa amechoka, amekaa juani tangu juzi. Mama Alaso akavua kandambili yake ya kulia, akamvisha bintiye mahali pa ile iliyokosekana, akarudi Amukura mguu mmoja peku.

Jioni hiyo Callistus alikuwa akimngojea mama yake jikoni. Mkewe, Vivian, alikuwa kwenye mkeka akimnyonyesha mtoto wao, na ugali ulikuwa umefunikwa.

"Amekuja?"

"Hajaja."

Callistus ni mtoto wa mwitaji na mjukuu wa mwitaji. Hakuhitaji kuelezwa. Alichora kwa kidole kwenye meza.

"Mama, ukisema lile lingine, nani atafungwa? Si mzee. Mzee atasema hakuambiwa. Tulikuwa wawili tu pale uani kwake tukiongea. Hakuna aliyesikia kuhusu hiyo breki isipokuwa yeye, na mimi." Akamtazama mama yake. "Na wewe."

Vivian alimhamisha mtoto kutoka titi moja hadi lingine. Yeye hakuwa ameambiwa habari ya breki hadi dakika ile, na sasa alikuwa ameijua. Aliinamisha kichwa, akamtazama mtoto.

"Kuleni," Perez alisema. "Ugali unapoa."

Usiku kucha hakulala, na hapo hakuna la ajabu. Mtu mwenye mzigo kama ule halali. Alimfikiria Callistus nyuma ya vyuma. Alimfikiria Methuselah akivua kofia mbele ya hakimu na kulia kwa machozi ya kweli. Akajifikiria na yeye mwenyewe, maana katika neno lile na yeye alikuwamo. Alijua. Alijua akiwa na ungo mapajani, akasema enda polepole, kana kwamba kokoto zinasikia.

Siku ya kuamkia mazishi alimwambia Nasir ampeleke Malaba, wawili tu. Njiani alijidanganya, kama sote tunavyojua kujidanganya, kwamba pengine kanuni ya ndugu ni ya zamani, pengine mama mkwe aliiongeza tu ili kazi ionekane na uzito. Walifika mchana, foleni ya trela iko palepale. Alaso alikuwa akifunga njugu kwenye karatasi za gazeti, kandambili mbili miguuni, ya pili kubwa kidogo.

Perez aliinama karibu na sikio lake.

"Alaso binti Emorut, umeuawa," alisema. "Waliokuua walijua."

Uso wa msichana ulifunguka. Perez ameita watu wengi na ameuona uso huo mara nyingi, lakini hajawahi kuuona ukifunguka kwa shukrani kiasi kile. Mabega yalishuka. Alaso aliweka beseni chini, akashika kreti kwa mikono miwili, akainuka nusu. Kisha akatazama nyuma ya Perez.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anapika vya wageni wa kesho."

"Basi semea mbele yake."

"Alaso, mwanangu, twende tu. Mimi nakupeleka kwake."

"Semea mbele yake," Alaso alirudia. Akaketi tena, akapakata beseni lake. "Nitangoja."

Neno lililosemwa bila ndugu kusikia halikai kwa aliyekufa. Dereva alifika akaomba njugu za kikombe kimoja, na Alaso alipomaliza kumpimia, uso ulikuwa umerudi kuwa wa kuuliza. Alimtazama Perez kama mteja anayefuata.

Nasir alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka pale, anaangalia cheni ya pikipiki. Cheni haikuwa na tatizo. Aliiangalia muda mrefu sana, na waliporudi Busia hakusema kitu, na hajasema hadi leo.

Jumamosi walizika mwili. Mahema mawili, viti vya kukodi, watu wengi. Methuselah alizungumza vizuri, akataja ajali, akaahidi kusimama na familia hii. Fahali alitosha watu wote. Padri alisema ajali, chifu akasema ajali, na kwenye msalaba fundi rangi alikuwa ameliandika chini ya jina, kwa herufi nyeupe zilizonyooka. Perez aliketi kwenye hema la akina mama, tawi la lusiola miguuni, likinyauka. Pengo lililotobolewa kwenye ua lilikuwa wazi upande wa barabara. Hakuna aliyepita pale isipokuwa mbuzi.

Watu wa Malaba wamezoea. Mvua inaponyesha, Alaso halowi, na beseni lake haliishi hata awapimie wangapi. Njugu zake ni tamu, zimekaangwa vizuri na chumvi ya kiasi, ila hazishibishi. Madereva wanasema unaweza kula kutoka hapo hadi Jinja na ukashuka na njaa yako. Mama mmoja muuza mayai alihamishia meza yake karibu naye kwa sababu anavuta wateja. Mahali penyewe sasa panaitwa Kwa Alaso. Makanga wanapaita hivyo, mabango ya duka la dawa na la simu yameandikwa hivyo, na mtu akikuelekeza nyumbani kwake atakuambia ushukie Kwa Alaso kisha uulize. Wengi wa wanaolitaja jina hilo hawajui ni la nani. Wanaojua wanamsalimia wakipita.

Lori lilipakwa rangi mpya, samawati, na maandishi ya shukrani kwa Mungu mbele. Callistus bado analiendesha, kwa kuwa kazi nyingine hana na mtoto wa pili yuko njiani. Akifika juu ya mteremko anaweka gia ya chini kabisa, anapiga honi mfululizo, anashuka hivyo hadi apite pale. Hatazami kando. Njugu hali tena, hata za harusini.

Kila wiki, siku ya soko la Amukura ikishapita, Perez na mama Alaso hukutana pale kreti ilipo. Urafiki umekuwa mkubwa. Mama Alaso huleta chakula kwenye bakuli lililofunikwa, sweta wakati wa baridi, mafuta ya kujipaka. Pengo la ua hajalifunga. Mbuzi wamemharibia mboga misimu yote tangu wakati ule, na amekataa kulifunga. Perez huleta tawi bichi. Mara moja moja mama Alaso humletea jogoo au mayai ya asante, kwa uvumilivu wake, na Perez huyapokea kwa mikono miwili, kisha akifika Mundika hawezi kuyala, humpa Vivian.

Wiki iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Perez alisubiri wateja waishe, akashika tawi.

"Alaso binti Emorut."

"Niko, mama."

"Umepatwa na ajali. Simama twende nyumbani."

Alaso alisikiliza, kama anavyosikiliza kila wiki, na tumaini lilelile. Akatikisa kichwa.

"Bado sio hiyo."

Honi ilisikika juu ya mteremko. Lori la samawati lilishuka polepole, likilalamika kwenye gia ya chini, na kwa mtu anayejua la kusikiliza, mguu ulisikika ukipampu, ukipampu tena. Lilipita. Callistus aliinua mkono kwa mama yake bila kugeuza uso, na mama Alaso, akidhani amesalimiwa yeye, akainua wake akamwitikia.

"Usichoke naye, dada," alisema, akimfunga bintiye kifungo cha sweta. "Huyu tangu utotoni ni kichwa ngumu. Kumwita tu kula, unaita mpaka sauti inapotea. Hata kurudi nyumbani ni yeye mwenyewe anakataa."

Alaso alicheka kidogo, kwa aibu, kama mtoto anayesemwa mbele ya wageni. Perez alimtazama. Alitaka kusema si yeye. Maneno yalikuwa mawili tu, mepesi, na mama alikuwepo, na mchana ulikuwepo, na tawi lilikuwepo.

"Ni kweli," alisema. "Watoto wengine ni hivyo."

Walipoaga, Alaso alifunga njugu kwenye karatasi, kifurushi cha mama yake na kifurushi cha Perez. Kisha akafunga cha tatu.

"Hii mpelekee yule dereva wa lori," alimwambia Perez. "Kila siku ananipigia honi, na hajawahi kusimama aonje."

Asubuhi Callistus alikunywa chai akiwa amesimama, lori linanguruma nje. Kifurushi kilikuwa mezani kati ya kikombe na sahani ya viazi, na mama yake akamwambia kimetoka kwa nani. Callistus alikitazama bila kukigusa.

"Breki je?" Perez aliuliza.

"Mzee amesema hii ya leo kwanza. Wiki ijayo inaenda kwa fundi."

Perez aliendelea kupepeta. Wimbi la msimu huu lilikuwa na mchanga mwingi.

"Basi enda polepole," alisema.

Callistus alichukua kifurushi, akakitia mfukoni bila kukifungua, akatoka kwenda kazini.